Manowari za Muscat na Unguja

Jeshi la bahari la watawala wa Oman, ambalo baadaye likawa la Unguja, lilidumu karibu miaka 250, na katika muda huo halikukaa na umbo moja. Lilianza na merikebu za mateka, likakua kwa merikebu zilizoundwa Bombay, likaingia zama za stima, na mwishowe likabaki na meli moja tu ya vita, iliyozamishwa asubuhi moja mbele ya kasri. Wingi wa vyombo na aina zake havikufuata vita peke yake. Vilifuata zaidi biashara: shehena ni ya nani, ushuru unakusanywa wapi, na mbao na mafundi wanapatikana katika bandari ya nani.

Kabla ya jeshi hilo kuundwa, mabaharia wa Oman na wa Uswahilini walikuwa mabingwa wa safari za kaskazi na kusi, lakini vyombo vyao vingi vilishonwa kwa kamba za nazi, kama mtepe wa Lamu ulivyoendelea kushonwa hadi karne ya 20. Chombo cha kushonwa hunepa, na kikipanda fungu la mchanga hakivunjiki upesi. Kasoro yake ni mizinga. Kila mzinga mzito unapolia hurudi nyuma kwa kishindo na kutikisa mbao zote, na mishono haistahimili safu ya mizinga upande mmoja wa chombo. Wareno, wenye merikebu za misumari ya chuma, waliishikilia Bahari ya Hindi kwa muda mrefu kwa tofauti hiyo ndogo ya ufundi.

Imamu Sultan bin Seif wa ukoo wa Yaarubi alipoitwaa Muscat Januari 1650, alitwaa pia merikebu za Kireno zilizokutwa bandarini. Hizo ndizo zilizokuwa mbegu ya jeshi lake la bahari. Mwaka 1652 Waomani walikuwa wameshaishambulia Unguja, mwaka 1668 wakaipora Diu katika pwani ya Bara Hindi, na Machi 1696 wakaizingira Ngome ya Yesu, Mombasa. Ngome ilianguka Desemba 1698, baada ya miezi 33. Mzingiro wa muda huo haukuwezekana bila vyombo vya kuleta watu, baruti na chakula msimu baada ya msimu, na huo ni ushahidi bora wa nguvu za Muscat baharini kuliko pambano lolote la mizinga.

Alexander Hamilton, nahodha na mfanyabiashara wa Kiskoti aliyezunguka bandari za Asia miaka hiyo, aliandika hesabu ya vyombo vya Waarabu wa Muscat kwa mwaka 1715: merikebu moja ya mizinga 74, mbili za mizinga 60, moja ya 50, nyingine ndogo 18 zenye mizinga kati ya 12 na 32, na mashua za makasia zenye mizinga minne hadi minane. Jumla ni merikebu 22 bila kuhesabu mashua. Sehemu ilitokana na mateka, na sehemu iliundwa ng'ambo. Oman haina misitu ya mbao kubwa, kwa hiyo Yaarubi waliagiza vyombo kutoka Bara Hindi, na walipata ruhusa ya mfalme wa Pegu, katika Burma ya leo, kuunda merikebu katika bandari zake. Utegemezi huo haukuondoka kamwe.

Jeshi hilo lilivunjwa na Waomani wenyewe. Baada ya Sultan bin Seif wa Pili kufariki, koo zilipigania uimamu kwa miaka mingi, Waajemi wakaitwa kusaidia upande mmoja mwaka 1737 na wakakaa kama wenye nchi. Ahmad bin Said, mwanzilishi wa ukoo wa Busaidi, aliwaondoa na kuanza kuunganisha kilichobaki. Mwaka 1775, Waajemi walipoizingira Basra, alituma vyombo vyake kuikomboa, na merikebu yake kubwa, Rahmani, ikakata mnyororo wa chuma uliotandazwa kuufunga mto wa Shatt al-Arab. Jina hilo la Rahmani lilipewa merikebu nyingine ya Busaidi baadaye.

Mjukuu wake, Said bin Sultan, alishika madaraka mwaka 1806 akiwa kijana, na chini yake jeshi la bahari lilifikia upeo wake. Miaka ya mwanzo adui alikuwa Qawasim wa Ras al-Khaimah, waliopigana kwa vyombo vyepesi, vyenye kasi na watu wengi. Said alijibu kwa kuagiza vyombo vizito Bombay. Huko, ukoo wa Wadia, Maparsi waliotoka Surat mwaka 1736, walikuwa wakiunda merikebu za mtiki ambazo hata jeshi la bahari la Uingereza lilizitaka. Mti wa mtiki hauozi upesi, una mafuta yanayolinda msumari usiliwe na kutu, na funza wa baharini huuchukia. Frigeti Trincomalee, iliyoundwa Bombay mwaka 1817, bado inaelea hadi leo katika bandari ya Hartlepool, Uingereza. Kutoka kwa mafundi hao hao wa Bombay Said alipata Caroline ya mizinga 40, Shah Alam iliyozidi mizinga 50, na mwaka 1826 Liverpool, ya mizinga 74.

Hesabu inayonukuliwa zaidi ni ya Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani aliyetia saini mkataba wa biashara na Said Septemba 1833. Roberts alihesabu vyombo 75 vyenye silaha. Kati ya hivyo, 15 vilikuwa merikebu na briki za mtindo wa Kizungu, zenye mizinga kuanzia sita hadi 74, zilizoundwa Bombay, Daman, Cochin na Muscat kwenyewe. Vilivyobaki ni mabagala 50 yenye mizinga minane hadi 18, na betili kumi zenye mizinga minne hadi sita. Alihitimisha kwamba Said ana nguvu za baharini kuliko watawala wote wa asili kuanzia Rasi ya Tumaini Jema hadi Japani.

Hesabu hiyo haina budi kusomwa kwa tahadhari. Roberts alikuwa mfanyabiashara aliyetaka serikali yake iamini kwamba amefunga mkataba na mfalme mkubwa. Isitoshe, mabagala 50 hayakuwa manowari kwa maana ya vyombo vilivyokaa bandarini vikisubiri vita. Yalikuwa majahazi ya biashara yaliyobeba mizinga kwa sababu bahari ilikuwa na maharamia, na Seyyid Said angeweza kuyaita yakihitajika. Hata zile 15 kubwa zilifanya kazi mbili. Msimu wa amani zilipeleka karafuu, pembe na sandarusi na kurudi na mchele na nguo, faida ikaingia kwa mwenyewe. Utaratibu huo ulipunguza gharama, maana manowari inayofunga nanga mwaka mzima hula fedha bila kurudisha chochote. Ila ulikuwa na bei yake: mizinga ilitolewa kupisha shehena, na mabaharia waliajiriwa kwa safari, si kwa miaka. Humo ndani walichanganyika Waarabu, Waswahili, watumwa na malaskari kutoka Bara Hindi, huku Mabalochi wakiwa askari na Waingereza wachache wakishika usukani au kufundisha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Sultana. Iliundwa Bombay mwaka 1833, ya tani 305 na mizinga 14, na katika hesabu za kijeshi ilikuwa koveti ya kawaida. Mapema mwaka 1840 iling'oa nanga Unguja, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na tarehe 30 Aprili ikaingia New York baada ya siku 87. Mkuu wa safari alikuwa Ahmad bin Naaman, katibu na mjumbe wa Seyyid, na aliyeongoza chombo kwa ramani alikuwa Mwingereza, William Sleeman, mlevi wa kupindukia. Ngamani mlikuwa na tende magunia 1,300, karafuu magunia 135, pembe za ndovu 108, kahawa ya Mocha, sandarusi, ngozi na mazulia ya Kiajemi. Farasi wawili na lulu vilikuwa zawadi kwa Rais Martin Van Buren.

Watu wa New York walijaa gatini kuwatazama mabaharia wenye vilemba. Mafundi wa karakana ya jeshi la bahari ya Brooklyn walipoipandisha Sultana, walikuta safari imeiumiza vibaya, na serikali ya Marekani ikagharimia matengenezo yote kwa heshima ya Seyyid. Matanga yalibadilishwa, kamba zikafungwa upya, mbao mbovu zikang'olewa. Sultana iliondoka Agosti ikiwa nzima kuliko ilivyofika, imejaa shuka za merekani, bunduki na baruti, ikaingia Unguja Desemba 1840. Picha ya rangi ya Ahmad bin Naaman iliyochorwa na Edward Mooney huko New York ni miongoni mwa picha chache za maofisa wa jeshi hilo zilizopo. Koveti iliyokwenda kuuza tende na kurudi na baruti, ikikarabatiwa kwa hisani ya mwenyeji, inaeleza hali ya jeshi hilo vizuri kuliko orodha ya Roberts.

Vitani, vyombo vikubwa vilitoa matokeo ya mchanganyiko. Januari 1828 Seyyid Said alifika Mombasa mwenyewe akiwa ndani ya Liverpool, pamoja na Shah Alam na vyombo vingine vidogo, kuwatiisha Wamazrui walioushika mji huo. Mizinga ilipigwa, mazungumzo yakafuata, na ngome ikapokea askari wake kwa masharti. Kisha akaendelea na safari yake ya kwanza ya Unguja. Lakini mara alipogeuza mgongo Wamazrui waliirudisha ngome mikononi mwao. Iliposalimu kabisa mwaka 1837, ilikuwa kwa ugomvi wa ndani ya ukoo wao na kwa hila ya kuwakamata wakubwa wao, wala si kwa mizinga. Mwaka 1828 huo huo, shambulio dhidi ya Bahrain lilishindwa.

Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilionyesha mpaka wa nguvu hizo. Mji uko mwisho wa mkono wa bahari mwembamba uliozungukwa na mikoko, ambao vyombo huingia maji yakijaa na kukaa kwenye tope yakipwa. Frigeti ilibaki mbali nje, mizinga yake haifiki mjini, na askari walilazimika kushuka kwa mashua na kupita porini. Wasiyu, wakiongozwa na Bwana Mataka, waliwavizia humo. Katikati ya miaka ya 1840 majeshi ya Seyyid yalishindwa vibaya, na jemadari wake Hammad bin Ahmad akauawa. Siyu haikutekwa mpaka mwaka 1863, Said akiwa ameshakufa.

Kabla ya hapo Liverpool ilikuwa imekwisha kuondoka. Mwaka 1836 Said aliitoa zawadi kwa Mfalme William wa Nne wa Uingereza, na huko ikapewa jina la Imaum. Ukarimu ulikuwepo, lakini hesabu nayo ilikuwepo. Katika jeshi la Uingereza chombo cha mizinga 74 kiliendeshwa na watu wapatao 600. Said hakuwa na adui baharini aliyestahili gharama hiyo, na kwa biashara chombo kilikuwa kikubwa mno. Mfalme alijibu kwa kumpelekea jahazi la kifahari la kifalme, Prince Regent, ambalo Said alilitoa tena kwa Gavana Mkuu wa India. Imaum ilimaliza maisha yake ikiwa imefungwa nanga Jamaica, mabaharia wapya wakipokelewa ndani yake.

Sababu iliyolegeza jeshi hilo ilikuwa amani ya Waingereza. Mkataba wa mwaka 1820 na koo za Ghuba, ukifuatiwa na ule wa kusimamisha vita baharini wa 1835, uliondoa Qawasim kama adui. Wakati huo huo Said alihamishia makao Unguja, ambako mapato yake yalitoka kwenye karafuu na forodha, na forodha ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji. Mapato hayo hayakuhitaji manowari; yalihitaji bandari tulivu ambayo Wamarekani, Wafaransa na Wajerumani wangeingia na meli zao wenyewe. Kadiri shehena ilivyohamia kwenye meli za kigeni, ndivyo merikebu za Seyyid zilivyokosa kazi ya kuzilipia matengenezo. Said alifia baharini tarehe 19 Oktoba 1856, ndani ya frigeti yake Victoria, karibu na Shelisheli, akitoka Muscat kwenda Unguja. Miezi minane baadaye, tarehe 16 Juni 1857, koveti ya Unguja, Artémise, ya mizinga 18, ilimvusha mpelelezi Mwingereza Richard Burton kwenda bara kuanza msafara wake wa maziwa makuu. Manowari ilikuwa imegeuka chombo cha kuvushia wageni.

Kifo cha Said kiligawa dola. Mwanawe Thuwaini alibaki Muscat na mwanawe mwingine, Majid, Unguja, na mwaka 1859 Thuwaini alipoondoka na majeshi kwenda kumpiga ndugu yake, Waingereza walimrudisha njiani. Uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, wa mwaka 1861 ulitenganisha nchi mbili kwa malipo ya reale 40,000 kila mwaka kutoka Unguja. Tangu hapo Waingereza ndio waliokuwa na neno la mwisho kuhusu nani apigane na nani baharini, kwa pande zote mbili.

Majid alinunua stima, na moja ilikuwa na historia ya ajabu. Shenandoah, iliyoundwa Glasgow mwaka 1863, ilikuwa imetumiwa na majimbo ya kusini ya Marekani katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kuteka meli za kaskazini, nyingi zikiwa za wavuvi wa nyangumi. Ilisalimu amri katika mji wa Liverpool Novemba 1865, miezi kadhaa baada ya vita kwisha. Mwaka uliofuata Majid akainunua na kuiita El Majidi. Kwa sultani ilikuwa nafuu: meli ya kasi, yenye matanga na mashine, kwa bei ya mtumba. Lakini stima iliongeza utegemezi wa zamani. Merikebu ya mtiki ingeweza kukarabatiwa na fundi wa Unguja; mashine ilihitaji makaa ya ng'ambo, vipuri vya ng'ambo na injinia wa ng'ambo.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, jambo ambalo hutokea kwa nadra sana katika latitudo hiyo. Karibu vyombo vyote vilivyokuwa bandarini vilitupwa pwani au kuzama, El Majidi na manowari nyingine za sultani zikiwa miongoni mwao. Mashambani minazi na mikarafuu ilifyekwa, sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja ikaangamia, na pamoja nayo fedha ambazo zingenunua meli nyingine. Mwaka huo huo kampuni ya British India ilianzisha safari za meli za barua za kila mwezi hadi Unguja. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870, hakuwa na chombo cha maana cha kumtetea mwaka 1873, Waingereza walipotishia kuifunga bandari mpaka akubali kulifunga soko la watumwa. Kuanzia 1874 manowari kubwa iliyokaa mbele ya mji ilikuwa HMS London ya Waingereza, merikebu kongwe iliyogeuzwa kituo cha kuwinda majahazi ya watumwa.

Barghash alijenga upya, ila kwa namna nyingine. Alinunua stima za biashara, kama Nyanza, Malacca, Avoca na Kilwa, zikaleta mchele kutoka Bara Hindi na kupeleka mahujaji Jeddah. Hilo lilikuwa kundi la meli la kweli, tena lenye manufaa kwa raia wake kuliko manowari yoyote, lakini halikuwa jeshi. Kwa upande wa vita alipata meli moja. Frigeti ya Kiingereza Glasgow ilikuwa imetembelea Unguja mwaka 1873 na kumpendeza, akaagiza yake ya mfano huo kutoka karakana ya William Denny, Dumbarton, Uskoti. Ilikamilika mwaka 1878 kwa pauni 32,735, ikiwa na mbavu za chuma, mbao za mtiki, matanga na mashine, mizinga saba midogo ya kujazwa mdomoni, na bunduki ya Gatling. Vyumba vyake vilikuwa vya anasa. Barghash hakuvutiwa nayo, na kwa miaka mingi ilikaa nanga bila kwenda popote.

Agosti 1885 meli za vita za Kijerumani chini ya Kamanda Carl Paschen zilijipanga mbele ya kasri, mizinga ikielekea mjini, kumlazimisha Barghash akubali madai ya Wajerumani huko bara. Glasgow ilikuwepo. Hakuna aliyefikiria kuitumia.

Ilitumika mara moja. Baada ya Sultani Hamad bin Thuwaini kufariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid bin Barghash aliingia kasri bila idhini ya Waingereza, ambao kufikia wakati huo walikuwa wameiweka nchi chini ya himaya yao. Meli tano chini ya Admirali Harry Rawson, yaani St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow, zilikuwa bandarini, na tatu za mwisho zikaanza kupiga kasri dakika mbili baada ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Glasgow ikaipiga St George kwa mizinga yake midogo. Majibu yaliitoboa chini ya mstari wa maji, mabaharia wakapandisha bendera ya Uingereza kuonyesha wamesalimu, na mashua za Waingereza zikawaokoa. Ilizama pale pale, milingoti yake mitatu ikibaki juu ya maji. Vita vyote havikufika saa moja, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa.

Milingoti hiyo ilikaa bandarini hadi mwaka 1912, mabaki yalipovunjwa na kutupwa baharini kwa kuwa yalikuwa yakizuia njia ya meli. Himaya haikununua manowari nyingine. Serikali ya Unguja ilibaki na stima za kiraia, kama Cupid na Al Said, zilizosafirisha abiria, barua na mizigo kati ya Unguja na Pemba. Oman ilianza upya jeshi lake la bahari miaka ya 1970 chini ya Sultan Qaboos, kwa boti za doria kwanza. Visiwani, baada ya Mapinduzi ya 1964, doria ya mwambao ilikuja kushikwa na KMKM, yaani Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, ambacho kazi yake, kama jina lake linavyosema, ni kuzuia magendo, na karafuu inayovushwa kwa siri ikawa miongoni mwa shehena kilizoziwinda.